Adhana ya Saa Kumi na Moja na Nusu

Jumatatu, 3 Machi
Vipindi vya alasiri tena. Umeme umerudi saa tisa, nimewasha projekta haraka kabla haujabadili nia. Somo: historia ya utamaduni wa Kiislamu. Ramani nimeitengeneza mwenyewe. Mwanafunzi akibofya Kairo anaona taa za msikiti, Baghdad anaona vitabu, Kilwa anasikia adhana. Katanga nayo ipo, na shaba yetu. Na minyororo ya watumwa. Kuna walimu wenzangu wanaotaka niifute. Waendelee kutaka.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Mawingu mazito, mtaa wetu wote wa Dilala giza kama magharibi. Saa kumi na moja na nusu Odette, binti Mkatoliki, hodari kuliko wote, akabofya Kilwa. Spika nilikuwa nimezipandisha hadi mwisho ili kushinda kelele za pikipiki. Ng'ambo ya ukuta Mama Zaina, ajuza asiye na simu, akasikia adhana akafungulia saumu ya Ramadhani kwa chai. Saa nzima kabla ya magharibi! Kosa langu. Si la Odette.

Alhamisi, 6 Machi
Kamati ya msikiti, wenye shule hii, imemjia juu prefe, mkuu wetu wa shule. Naye ameifungia projekta ofisini. Anataka niandike ubaoni, watoto wanakili. Wakariri majina ya masultani kama tulivyokariri sisi, tukasahau yote. Nimekataa mbele ya walimu wote.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kwa Mama Zaina kumwomba radhi kwa saumu yake. Kwa somo, hapana. Alinisikiliza, akaendelea kuchambua mchele. Nimerudi na aibu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimechora ramani kwa chaki kwenye sementi ya uwanja. Kila mtoto mji wake. Wengine walibeba shaba toka huku hadi pwani, wengine wakawauliza maswali njiani. Prefe akatoka. "Mwalimu, futa hii bitu." Sikufuta. Akasema kamati itaamua Jumatatu kama nitabaki kazini. Vizuri. Iamue.

Jumatatu, 10 Machi
Nilijiandaa kugombana na kamati. Mama Zaina akaingia kikaoni bila kualikwa, akakaa karibu na mlango.
"Saumu ni yangu, mi mwenyewe nitailipa. Musitie batoto mu hii maneno. Mi sikusoma. Mubaache basome."
Kamati ikaamua. Nabaki, na projekta imerudi. Sharti: ile sauti ya adhana itoke. Nimeitoa, wana haki hapo. Minyororo sijaigusa.

Alhamisi, 3 Aprili
Idi imepita. Mama Zaina amelipa siku yake leo. Nimefunga naye, sikumwambia mtu mwingine. Jioni tumekaa kibarazani kwake, chai imekwisha kumiminwa. Adhana ikalia. Hakunywa. Alinitazama mimi kwanza.
Nikamwambia ni ya msikitini.
Akasubiri kidogo zaidi, kisha akanisogezea kikombe.