Kompresa Ambayo Sikuiomba

Nyumba ya mlango wa kijani,
Nyuma ya stoo ya mbao.
Jumapili, mchana.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, ingawa najua wewe hukai. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, bado anabishana na redio? Sisi huku ni wazima. Wifi yako hajambo, paa halivuji tena, na jirani yetu wa ukutani amehama na jogoo wake. Mimi nina kikohozi kidogo tu kinachokuja na kuondoka, kwa hiyo usianze maswali yako ya hospitali.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo linapikwa katika familia hii, na mimi sijapewa hata kunusa.

Majuzi alikuja kitinda mimba wetu. Unamjua. Tangu baba atuachie lile lori, hajawahi kuuliza hata linakunywa mafuta gani. Yeye na ghala lake la saruji, basi. Siku hiyo aliingia amekumbatia boksi, akaliweka mezani taratibu kama mtu aliyeleta posa. Ndani mlikuwa na kompresa, mashine ya kujaza upepo, ile ya bei rahisi ya kufungwa kwenye gari, pamoja na tangi lake dogo jekundu. Akasema ni zawadi ya lori. Dada, nani humpa lori zawadi?

Nikamwambia nina pampu yangu ya mguu, na pale kona yupo fundi pancha anayenijua tangu nilipokuwa na nywele. Akacheka. Wifi yako naye akacheka, kisha akamwongezea chai bila kuombwa. Hapo ndipo machale yaliponicheza, maana wifi yako hamwongezei mtu chai bure.

Nikueleze kidogo, kwa sababu mambo ya magari si yako. Lori letu ni dogo na breki zake ni za mafuta, kwa hiyo halina upepo wake kama yale malori makubwa. Tairi likipungua njiani, unashuka unapiga pampu mpaka shati liloane. Nimefanya hivyo miaka yote. Sasa mtu ambaye hajawahi kushika spana anapoanza kulipamba lori ghafla, ama anataka kuliuza, ama anataka kuliendesha. Nikakubali mashine ifungwe, ili nione mwisho wake.

Tukalipeleka kwa fundi umeme, yule tunayemwita Kimya kwa sababu hanyamazi. Kabla ya kwenda nilichukua rangi ya kucha ya wifi yako, nikatia alama kwenye betri zote mbili, stata, alternata, na hata mfuniko wa tangi la dizeli. Unajua gereji zilivyo: unaingia na kifaa chako, unatoka na binamu yake. Kisha nikapindua kreti la soda, nikakaa juu yake na kumkodolea macho mpaka alipokaza bolti ya mwisho. Sikwenda hata msalani.

Kazi yenyewe, nisimwonee, aliifanya vizuri. Mashine aliifunga nyuma ya kabini, juu, mbali na matope, na chini yake akaweka vipande vya mpira ili isitetemeshe mabati. Tangi akalibana kwenye chesisi. Waya akazipitisha ndani ya bomba la plastiki zisichubuke, akaweka na fyuzi. Swichi ilikuwa upande wa abiria, nikadhani ni uvivu wa kuvuta waya. Akaniambia nikifika nyumbani nipake maji ya sabuni kwenye maungio, nikiona povu nijue upepo unavuja.

Nilipaka, dada. Nilijaza tangi, nikapaka, nikamwaga upepo, nikajaza tena, nikapaka mpaka sehemu ambazo upepo haupiti kabisa. Sikuona povu hata la dawa. Hilo lilinikera zaidi, maana nilikuwa nimeshajiandaa kugomba.

Asubuhi yake lori likagoma kuwaka. Liliguna mara moja, likanyamaza. Mzigo wa mbao unanisubiri na mwenye mbao anapiga simu kama anayetafuta mtoto aliyepotea. Nikajua tu kwamba Kimya amenibadilishia betri. Nilikwenda kwake kwa miguu huku nikizungumza peke yangu, na nikamwita mwizi mbele ya wateja wake. Alibeba vifaa vyake tukarudi pamoja, akafungua sanduku la betri, akasogea pembeni ili nione mwenyewe. Rangi ya kucha ilikuwa pale pale, kwenye betri zote mbili, inang'aa.

Ndipo akanieleza. Mashine ni ya volti kumi na mbili na lori ni la ishirini na nne, kwa hiyo alikuwa ameichomeka kwenye betri moja. Kwa matumizi ya kawaida, injini ikiwa inanguruma, asingetarajia shida ya haraka. Lakini mimi nilikuwa nimeiwasha kutwa nzima injini ikiwa imezimwa, nikitafuta povu, mpaka betri ile ikaisha nguvu. Yaani mwizi niliyekuwa namtafuta nilikuwa mimi. Nilimwomba radhi nikiwa natazama viatu vyangu. Akaipokea, akafunga kifaa cha kushusha umeme ili mashine inywe kwenye betri zote mbili, na muda wote huo akawa anasema.

Katika kusema huko likamdondoka neno. Alisema yeye alitaka kuiweka swichi upande wa dereva, ila mdogo wangu alimkataza kwa simu kabla hatujalipeleka lori. Alimwambia mtu wa kuiwasha atakaa upande wa abiria.

Dada, niligeuka nikakitazama kile kiti cha abiria. Upande ule hakai mtu. Tangu utingo wa mwisho alipoacha kazi, pale ninaweka koti na chupa ya maji. Nikaona picha nzima: wananihamisha kiti, na usukani anapewa mwingine. Nimeliendesha lori hilo tangu baba aliponikabidhi funguo kwa mkono wake. Nikitoka kwenye usukani mimi ni nani? Ni mzee mmoja wa kuulizwa kama amekunywa dawa. Niliogopa, nakwambia wazi.

Nikamfuata kule ghalani. Nilimkuta vumbi la saruji limemjaa mpaka kwenye kope. Nikamwambia kama wanataka kuninyang'anya usukani waniambie usoni, wasinizunguke. Akaweka chini kilichokuwa mkononi, akanitazama.

"Kaka, nilikuona," akasema. "Nilikuwa ndani ya basi. Umekaa chini kando ya tairi, pampu iko miguuni, umeshika kifua. Sikushuka. Nilijua ukiniona utasimama ghafla ujifanye mzima, na moyo utalemewa."

Nikamuuliza, basi kwenye usukani atakaa nani.

"Wewe. Upande wa pili nitakaa mimi, nijaze upepo na nibebe vya kubeba. Hapa nimeshaaga."

Ameacha kazi yenye kivuli aje akae na mimi juu ya joto la injini. Na leseni hana, dada. Nimemshuku siku zote hizo mtu asiye na leseni. Nililia pale pale kati ya mifuko, na wapakiaji wakajifanya wanahesabu.

Lakini mashaka yangu hayajaisha, yamehamia kwako. Moyo kulemewa si maneno ya mtu wa saruji. Hayo ni maneno ya muuguzi, na familia hii ina muuguzi mmoja. Sasa nimekumbuka ulivyonipigia simu ukaniuliza eti nalalia mito mingapi, na mimi mjinga nikadhani unataka kunitumia mto, kumbe ulikuwa unapima pumzi yangu. Usikane, wifi yako nimembana na ameshatabasamu.

Sikulaumu. Nimekubali nikapimwe kifua, na mdogo wetu atanisindikiza. Wewe unajua madaktari wanaweza kusema nini, na mimi pia najua, ndiyo maana nimekuwa nikiwakwepa. Nina ombi moja tu. Wakisema nishuke kwenye usukani, usimtume mtu, wala usinizungushe kwa simu. Njoo mwenyewe. Wewe ndiye mkubwa wetu. Ukisimama chini ya mlango wa dereva ukaniambia shuka, nitashuka.

Msalimie shemeji na redio yake, mpwa wangu mwenye mwanya, na mama mkwe wako, mwambie kikohozi chake nami ninacho. Wifi yako na kitinda mimba wanakusalimu. Mola akuzidishie afya, akunyooshee njia, na atukutanishe sote tukiwa na pumzi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata ninapokushuku,

Dereva.