Matiko Uliyoondoka Nayo

Barabara ya Kilwa,
Temeke, Dar es Salaam.
2 Julai 1953

Mpendwa Baba Mdogo Kasimiri,

Shikamoo. Tangu Desemba iliyopita, siku ile ulipopanda gari moshi kurudi Bukoba, banda letu la kufulia visu limepoteza matiko yake, na mie nimepoteza jina langu. Nimelitanguliza hilo lisije likapotea katikati ya salamu. Sasa nakuuliza hali. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko? Kikohozi cha mama mdogo Demetria kimepungua? Huku tu wazima wa mwili. Mke wangu Jovina alijifungua mtoto wa kike mwezi wa Machi, tumemwita Felicitas. Ana pumzi kuliko mivukuto yetu ya kupulizia moto.

Barua zangu mbili hukuzijibu. Nilidhani unaumwa, lakini jirani yangu Revelian alipotoka huko alisema amekuona sokoni ukipima kahawa, unacheka. Nikafurahi kwamba u mzima. Kisha nikakasirika.

Chuma hakina kosa. Bado nanunua springi za yale malori ya jeshi yaliyobaki baada ya vita. Springi moja kubwa inatoa visu saba vya buchani, nikikata kwa akili vinane. Kupasha moto, kufua, kunyoosha, kutia mpini, kunoa, yote nayaweza. Kinachonishinda ni kile kitendo kimoja tu, kutia matiko, yaani kukizamisha kisu chekundu ili kiwe kigumu, na hicho ulikifanya wewe mie nikiwa nimekupa mgongo.

Miaka sita, Baba Mdogo! Unasema, "Geuka," nami nageuka, kwa sababu kwetu anayetia matiko hatazamwi ila na mwanawe wa kumzaa. Niliheshimu. Sikuchungulia hata mara moja. Sasa watu wa hapa wananicheka: "Mhaya wewe, umekaa na mzee miaka sita unaujua ukuta tu?" Ukuta kweli naujua. Ule ufa wake naweza kukuchorea.

Nimejaribu peke yangu. Nikizamisha kwenye maji nasikia mlio mdogo, tii, na katika visu kumi saba vimepasuka. Nikizamisha kwenye mafuta ya nazi havipasuki, ila vikigusa mfupa vinapinda kama ulimi wa ng'ombe. Na lile debe lako la kuzamishia visu ulilimwaga nyuma ya choo kabla ya kuondoka. Nilikwenda pale nikapiga magoti nikanusa udongo. Jovina alisimama mlangoni akanitazama. Udongo ulinuka udongo.

Kisha likatokea la mwezi wa Mei. Unamkumbuka Marijani muuza nyama, aliyenunua kisu changu cha kwanza nilipokuwa bado kuli wa bandarini nisiye na hata kitanda. Alikuwa anapasua paja la ng'ombe, na kisu, nilichomfulia baada ya wewe kuondoka, kwa macho kilikuwa kizima. Kikakatika, kipande kikamwingia kiganjani. Vidole viwili havikunjiki tena. Nilipokwenda kumpa pole, mkewe Mwanakombo alinipa kiti, akanimiminia chai, kisha akakiweka kile kipande mbele yangu juu ya sahani, kando ya mkate. Kilikuwa na vitone viwili, alama yetu, kimoja chako na kimoja changu. Chai sikuimaliza.

Marijani hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema, "Fundi, Idi ya kuchinja hiyo inakuja, na wenzangu wanataka visu arobaini. Kisu kikivunjika kwenye shingo ya mnyama, nyama hiyo nani ataila? Na wewe utakaa wapi Temeke hii?" Nikamwambia nitamwandikia mzee. Akaniuliza, "Na mzee akinyamaza?"

Najua siri hiyo unamwekea mwanao Alfonsi. Ndugu yangu Alfonsi ni karani, ana tai na kalamu mbili mfukoni. Juzi alipita hapa akasimama mbali, cheche zisije zikamtoboa suruali. Yule hatashika koleo, Baba Mdogo, na wewe unajua. Marehemu baba angenipa mie, lakini alikufa kabla sijaweza kuinua nyundo, na ni wewe uliyesema pale kaburini kwamba baba bado ninaye. Basi ninaye, au sinaye?

Sikuiti urudi. Magoti yako hayawezi tena kuchuchumaa mbele ya moto. Na kama ni mila inayokuzuia, mwite mtu mwingine akuandikie, wewe geukia ukuta useme. Mie nimekwishaizoea kazi hiyo ya ukuta, haina maumivu.

Unisalimie mama mdogo Demetria, dada Auleria na wanawe, na mzee Adelard wa mtaa wa kanisani. Mungu akutunzie magoti, na kicheko hicho cha sokoni asikuondolee.

Visu arobaini vinanitaka wiki mbili kamili, na Idi ni katikati ya Agosti. Jibu linifikie kabla ya tarehe mosi. Barua ikikuchosha, nenda posta unipigie simu ya maandishi, maneno machache: ni maji, ni mafuta, au ni nini? Na kisu kiingie kikiwa na rangi gani? Kama hutaki, sema "Sitaki," nizime moto na Marijani atafute visu vya Ulaya mapema. Kunyamaza tu ndiko ninakokukatalia. Maji au mafuta, Baba Mdogo? Tarehe mosi Agosti.

Mwanao, nikupendaye hata kwa hasira hizi,
Leodegar