Punda Amehesabiwa, Mama Hayumo

Makina, Kibera,
Nairobi.
Jumapili, 21 Septemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Makau,

Pokea salamu kwanza. Mama alitulea tukijua kwamba hata mtu aliyekuudhi unamsalimu kabla ya kumwambia lililokuleta, kwa hivyo nakusalimu. Je, u mzima? Baridi ya huko Uholanzi imeanza? Kile kikohozi ulichokuwa nacho ulipotupigia simu wakati wa Pasaka kiliisha, au bado unakitibu kwa soda baridi? Kunywa maji moto, wacha ubishi.

Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Murunga bado anachomelea milango na madirisha kule Kawangware, nami bado nashona sare za shule kwenye kibanda kilicho ubavuni mwa chake. Watoto wanasoma. Mvua haijanyesha, na mabomba ya hapa Makina yanatoa maji siku yakipenda, lakini hilo tumelizoea. Afya ipo. Hasira pia ipo, na ndiyo iliyonikalisha chini leo baada ya kanisa.

Nimechukua kalamu kwa sababu meseji zangu unazisoma na hujibu. Naziona zile tiki za buluu, Makau. Simu nayo ukiona jina langu unaiacha ilie mpaka ichoke. Basi barua hii ataibeba Celine, yule binti wa kanisani kwetu anayesoma huko karibu nawe, na nimemwambia akukabidhi mkononi, asiondoke mpaka uifungue.

Unakumbuka vizuri ni nani aliyenitia kwenye mambo haya ya picha. Ulinipigia ukiwa umejaa furaha, ukaniambia mradi wenu umefunga kamera kwenye miti huko kwetu Kitui, kamera zinazopiga picha zenyewe chochote kikipita mbele yake, na picha zimekuwa nyingi kuliko macho ya watu wa ofisini. Mnatafuta watu wa kujitolea popote walipo duniani, wafungue tovuti kwenye simu, waangalie picha moja moja na kusema ni mnyama gani. Picha moja inaonwa na watu kadhaa, na jibu la wengi ndilo linaloandikwa. Ulisema, dada, wewe umekua na hao wanyama, utafurahia. Na nilifurahia kweli, siwezi kukudanganya.

Mchana wateja wakipungua nilikuwa nasukuma cherehani kando na kutoa simu. Adhis, rafiki yangu anayeuza omena kule Kisumu Ndogo, akija Kawangware kupeleka mzigo alikuwa anapita tunaangalia pamoja. Yeye kila mnyama mwenye pembe alikuwa mbuzi. Nilimfunza digidigi, nikamfunza kanu na muhanga, mpaka akaanza kuwaringia wateja wake kwamba yeye sasa ni mtu wa sayansi. Data nilinunua mwenyewe, muda ulikuwa wangu, na hujawahi kunisikia nikinung'unika.

Kisha mwezi wa Julai ikaja picha moja ya alfajiri, ya kijivu, vile kamera zenu zinavyopiga kukiwa bado na giza. Ni mto wa mchanga uliokauka, katikati kuna shimo la maji, na kando ya shimo kuna kitu kimeinama, kina nundu mgongoni. Chini yake watu walikuwa wameshaanza kubishana. Mmoja aliandika kwamba ni nyani mkubwa. Mwingine akasema ni fisi, tazameni mgongo unavyoteremka. Wa tatu akakubaliana na wa kwanza na kuongeza vikatuni vya kucheka.

Makau, alikuwa Mama.

Ile nundu ni mtungi wa maji. Kichwa kimeinama kwa sababu ya mukwa, ule mkanda unaopita kwenye paji la uso na kushika mzigo mgongoni, vile wanawake wa kwetu wanavyobeba na vile alivyobeba kuni zilizokupikia. Nilimjua kwa mguu wa kushoto anaoukanyagia upande tangu alipoanguka. Hata Adhis, ambaye hajawahi kufika Kitui, hakuhitaji kuambiwa. Alisema, "Huyu si nyani, huyu ni mtu amebeba maji. Kwani hawa watu hawajawai ona mtu akibeba maji?"

Mama yangu mzazi, watu wamekaa kwao na vikombe vya kahawa, wanapiga kura kama ni nyani au ni fisi. Niliandika pale chini kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba huyo ni mwanamke, ana jina, ana watoto, na mmoja wa hao watoto anawasoma. Waliomba msamaha, nisiwaonee. Wote wakabadilisha majibu yao wakabonyeza Mtu. Mama mmoja wa Kanada akanishukuru kwa kusaidia kusafisha kumbukumbu za mradi. Nikajiona nimeshinda. Jioni nilipotaka kumwonyesha Murunga ile picha, haikuwepo tena.

Nilikuuliza, na wakati huo ulikuwa bado unajibu. Ulisema ni sheria ya mradi, picha yoyote yenye mtu inafutwa, ili kulinda heshima ya watu wasiojua kwamba wanapigwa picha. Nikaona ni jambo jema. Nani anataka mama yake aanikwe mtandaoni akiwa amejifunga leso kisimani? Tangu hapo kila nilipoona mwanamke mwenye mtungi, au watoto wakichota kwa kata, nilibonyeza Mtu haraka haraka ili waondolewe. Nilidhani nawasitiri.

Mwezi uliopita ripoti ikatoka, ikatumwa kwetu sisi wa kujitolea pamoja na shukrani. Jina lako liko mbele, Daktari Makau, na nilianza kwa kujivuna. Niliwaonyesha wateja. Nilimwonyesha hata yule mama wa chapati. Kisha nikafika mahali palipoandikwa habari za kisima cha Kwa Nzuki, kisima chetu. Kwamba kinatumiwa na wanyama wa porini wa aina nyingi. Kwamba hakuna ushahidi wa matumizi ya binadamu. Kwamba tatizo kubwa ni mifugo, hasa punda, wanaozurura pale bila mchungaji na kuwafukuza wanyama. Kwamba mradi unashauri kisima kizungushiwe ua wa waya.

Punda bila mchungaji. Nilirudia maneno hayo mpaka Murunga akazima mashine yake akaja kuuliza ninaongea na nani.

Punda gani aliyejitandika mitungi mwenyewe akaja kisimani? Kamera yenu inapiga picha kwa mfululizo. Kwanza anapita Mama, kisha Mama na punda, kisha mkia wa punda. Zile zenye Mama mmezifuta, mkia umebaki. Punda wa Mama ana tarehe, ana saa, ana mpaka maoni ya watu wa Kanada, na mwenye punda, anayechota maji pale tangu aolewe, hayumo. Na kidole kilichombonyeza atoke ni changu. Umenifanya nijitolee kumwondoa mama yangu kwenye kisima chake, tena nikishukuriwa. Hasira hiyo sijui niiweke wapi.

Lakini mimi sikujua. Wewe ulijua. Mtu wa Kanada anaweza kuamini kwamba shimo limejichimba lenyewe katikati ya mchanga. Wewe umelichimba. Ulipokuwa mdogo mchanga wa kando ulikuporomokea mpaka kifuani, baba akakutoa kwa mikono yake, ukalia mpaka nyumbani. Unajua kwamba pale pasipofukuliwa panajifunga, na kwamba hao digidigi wenu wanakunywa kwa sababu Mama na wenzake wamefukua asubuhi. Uliandika vipi kwamba hakuna ushahidi? Ulikuwa unawaza nini ulipokuwa unaandika?

Najua utakavyojibu. Utasema ripoti inaandikwa kutokana na kilichomo kwenye kumbukumbu za kamera, si kutokana na utoto wako. Utasema uliandika "hakuna ushahidi", hukuandika "hakuna watu". Nimekulea, nakujua, tangu shule ya msingi ulikuwa hodari wa kujificha nyuma ya neno. Hiyo tofauti haisaidii mtu aliyesimama nje ya waya na mtungi mtupu.

Na mambo hayako mbali. Juma lililopita Kasyoka, mdogo wetu, alipiga simu kutoka nyumbani. Lori limeshaleta vigingi na waya, vimewekwa kwa chifu. Kutakuwa na baraza tarehe kumi mwezi ujao, na mwenye pingamizi ameambiwa alete ushahidi kwamba anatumia kisima. Ushahidi wa kuchota maji, Makau. Risiti ya mto. Mama alienda kwa chifu akamkuta kijana wa mradi, akavua kitambaa cha kichwa, akamwonyesha ile alama ya mukwa iliyochimbika kwenye paji lake la uso. Yule kijana akasema samahani mama, hiyo hakuna mahali pa kuiandika.

Kisima hicho kikifungwa, maji mengine yako ng'ambo ya kilima, na wewe unajua mguu wake. Kasyoka yuko chuoni, anarudi mwisho wa juma tu. Mama atafanya nini siku zile nyingine? Atakunywa nini? Hilo ndilo swali langu, mengine yote ni kelele.

Sikukimbilia kwako kwanza. Niliiandikia ofisi yenu. Nilijibiwa kwa adabu nyingi kwamba ripoti inaweza kurekebishwa na mwandishi wake tu, na wakanipa anwani yako ya barua pepe. Nilicheka mpaka Adhis akadhani nimeugua.

Murunga anakutetea, nikuambie ukweli. Juzi tukila aliniambia, "Wanza, punguza moto. Huyo kijana mkataba wake unaisha mwaka huu. Akienda kusema ripoti yake iko na makosa, watampatia mwingine? Na karo ya Kasyoka italipwa na nani?" Hakusema uongo. Najua hiyo kazi inatulisha wengi. Najua pia ulivyohangaika kuipata, na ulivyolala kwenye sakafu yetu ukisoma na tochi ya simu. Nayajua hayo yote na bado nimekasirika. Ukiniambia unaogopa, nitakuelewa. Ila usiniambie kwamba hukuona.

Ninachotaka ni kitu kidogo ambacho wewe tu unaweza kukifanya. Waandikie kabla ya baraza. Sema picha zenye watu zilifutwa kwa sheria yenu wenyewe, kwa hivyo kukosekana kwa watu kwenye kumbukumbu si ajabu. Sema wale punda wana wenyewe. Sema umezaliwa hapo na umekunywa hapo. Tena kama unaweza kuja, njoo useme kwa mdomo wako mbele ya hao watu na vigingi vyao.

Mimi hizo picha nimeacha. Yule mama wa Kanada ameniuliza mbona nimepotea, nikamweleza kila kitu, naye ameacha. Anasema ameshindwa kulala. Mtu hata hajui Kitui iko upande gani wa dunia.

Sasa nimalizie kwa salamu. Murunga anakusalimu, na watoto wanakusalimu, wanataka viatu vile vya taa. Adhis anakusalimu pia ingawa mlionana mara moja tu, na maneno mengine aliyosema siyaandiki hapa. Kasyoka amekataa kukusalimu. Usimlaumu, amesoma ripoti.

Mama anakusalimu sana. Yeye ndiye aliyenituma nikuandikie. Hajui ripoti ni ya nani. Nimemwambia ni ya wageni fulani tu, na Kasyoka nimemkanya asifungue mdomo. Tulipozungumza kwa simu habari za baraza hakulia wala hakulaani mtu. Alisema, "Hao watu hawatujui. Mwambie Makau. Yeye amesomea hayo mambo ya wanyama. Akisikia ni kisima chetu, atakuja awaambie." Kisha akaniuliza kama utafika siku moja kabla, ili akupikie muthokoi, na kama siku hizi bado unakula kwa mkono.

Nilimwambia nitakuuliza.

Mungu akulinde huko ugenini, akupe afya, akupe na moyo wa kusema.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,

Wanza