Dirisha la Jikoni Otrobanda

Otrobanda, Curaçao
3 Septemba 1986

Mdogo wangu Norka,

Pokea salamu zangu nyingi, na mumeo Rudsel naye apokee za kwake hata kama hazitaki. U mzima? Kifua kimetulia? Mimi sijambo, namshukuru Mungu, isipokuwa goti la kulia, ambalo siku hizi linajua mvua kabla ya redio.

Najua utashtuka kuona mwandiko wangu mwezi wa tisa. Tumezoea kadi za Krismasi, wewe mistari mitatu, mimi minne. Lakini kuna jambo. Wiki iliyopita mwenye nyumba alikuja na fundi wake. Paa linavuja, kuta zimeliwa na chumvi, na tarehe mosi Desemba wanaanza kubomoa: paa, milango, madirisha yote. Mimi nitahamia kwa Bi Tila, jirani yetu yule wa kusalisha rozari. Ana chumba cha nyuma, na ana maneno mengi, kwa hiyo sitakosa redio.

Kabla hawajabomoa, nataka uje. Sisemi uje kukaa. Ijumaa mpaka Jumapili tu. Kutoka Bonaire kwa ndege ni dakika ishirini na tano, hata rozari mtu hamalizi. Miaka kumi na saba hujakanyaga mji huu, na mimi sina mtu mwingine anayekumbuka ninayoyakumbuka.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Walda


Rincon, Bonaire
21 Septemba 1986

Dada Walda,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, kifua hakijambo, na Rudsel anasema salamu zako amezipokea, akazipima uzito, hakuna kitu. Bado anaendesha lori la chumvi. Anasema katika dunia nzima mwanamke anayemwogopa ni wewe tu, na mimi nikamwambia asante sana.

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Nilikuwa naisoma, naikunja, naiweka chini ya kopo la sukari, halafu naitoa tena. Mwisho Rudsel akasema, “Mke wangu, ama uende ama uichome hiyo karatasi, sukari yetu imeanza kunukia wino.”

Basi nitakuja. Lakini nitakuja kama watalii wanavyokuja. Nitalala hotelini, mtaa wa Punda, ng'ambo ya daraja, nitavaa kofia pana, nitashangaa rangi za majumba na kununua kitambaa nisichokihitaji. Wewe utanitembeza. Nyumbani sitaingia. Mama alisimama mlangoni akaniambia nikitoka na mwanamume yule nisikikanyage tena kizingiti kile, na mpaka anakufa hakulifuta neno lake. Nililia, nikakasirika, nikazeeka nalo. Usinibembeleze kwa hilo, nakuomba.

Sema wikendi ipi.

Mdogo wako,
Norka


Otrobanda
28 Septemba 1986

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi goti limepona kwa furaha, au linadanganya. Nimecheka mpaka Bi Tila akagonga ukuta. Haya, njoo kama mtalii, lakini ukivaa kofia pana kuliko daraja nitajifanya sikujui.

Nimepanga hivi. Ijumaa tarehe 21 Novemba unashuka asubuhi, unakwenda hotelini kwako kama malkia, unalala kidogo. Saa kumi jioni tunakutana darajani. Nitasimama upande wetu, pale pale Mama alipokuwa akipumzika na kapu lake la nguo za mabaharia. Jumamosi asubuhi tunakwenda kwenye mashua za Wavenezuela kununua ndizi, halafu soko la zamani kwa akina mama wapishi. Utakula mlenda wa bamia na samaki, na sima iliyosongwa ikasongeka. Ile unayopika wewe sijaisahau, ilikuwa uji uliokata tamaa. Mchana kitambaa, jioni glasi ya tunda lililopigwa kwa maziwa na barafu, tukae tuseme watu. Jumapili mimi naenda misa, wewe mpagani unalala, kisha nakusindikiza uwanja wa ndege.

Unakumbuka siku ile kengele ya daraja letu linaloelea ilipolia, kwamba linasogea kupisha meli, watu wote wakakimbia kushuka, sisi tukabaki juu yake makusudi? Daraja likaondoka nasi taratibu, na Mama yuko ukingoni na kapu kichwani, anatutukana. Meli ikapita, kubwa hata jua likazibika, bado tunamsikia. Ulikuwa na miaka sita. Ulinishika sketi kwa mikono miwili ukasema, “Dada, tukifika Holandi tutakula nini?”

Siku hizi nalivuka daraja hilo peke yangu, na kila likitikisika naisikia sauti yako.

Letea chumvi ya kwenu.

Dada yako,
Walda


Rincon
10 Oktoba 1986

Dada Walda,

Shikamoo dada. Huku sote wazima, mvua imeanza na mbuzi wamekula sabuni yangu.

Tiketi nimekata! Kuja Ijumaa asubuhi, kurudi Jumapili saa kumi. Nimeshona gauni la kijani, na chumvi iko tayari kwenye kopo la maziwa. Rudsel ananicheka. Anasema hata siku ya kutoroka naye sikujiandaa namna hii. Kweli, siku ile nilikuwa na mfuko mmoja tu wa karatasi. Usiku siku hizi nalala nikipita vichochoro vyetu kimoja kimoja, kutoka kwenye pampu ya maji mpaka ngazi za kanisa. Nikifika kwenye mlango wetu nageuka. Nasikia harufu ya pasi ya mkaa na ya nguo nyeupe zenye wanga, hata mkono wangu unanuka hivyo nikiamka.

Kuna mambo mawili nataka kukuuliza kabla hatujaonana, maana uso kwa uso nitashindwa.

La kwanza ni dogo. Binamu yetu Elvia alipita kwako mwezi wa saba, akaniambia unapika na taa imewashwa saa sita mchana, dirisha la jikoni limefungwa, na jasho linakutiririka kama umetoka kuogelea. Una nini, dada? Unawaogopa wezi wa sima?

La pili. Barua yako ya msiba ilinifikia siku ya kumi na mbili baada ya maziko. Nimejiambia miaka yote hii kwamba posta ni posta. Ilikuwa posta?

Mdogo wako,
Norka


Otrobanda
17 Oktoba 1986

Norka,

Mungu akulinde. Mimi mzima wa mwili.

Haikuwa posta.

Maswali yako mawili ni moja, nitayajibu pamoja, na nakuomba usome mpaka mwisho.

Mama nilimwuguza miaka mitatu. Nilimwosha, nilimlisha, nilimgeuza. Wewe hukuwapo, na sikukulaumu, alikufukuza mwenyewe. Siku mbili za mwisho akawa anaita. Hakuniita mimi, aliita jina lako. “Norka amekula? Norka amerudi? Mwambieni aingie, nani kamfungia mlango?” Nikimwambia, “Mama, ni mimi Walda,” ananitazama kama jirani aliyekuja kuazima kiberiti.

Ofisi ya telegramu iko hatua mia mbili kutoka mlangoni petu. Nilikwenda. Fomu nilichukua, nikaandika jina lako juu yake. Kisha nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa aproni, nikarudi kuchemsha maji. Nilijiambia nitaituma kesho. Wivu, Norka. Sina neno jingine zuri zaidi. Kesho yake Mama akafa, ikabidi nikuandikie barua ya kawaida na nijifanye nimechelewa kwa kulia.

Lile neno la kizingiti alilifuta. Alilifuta mbele yangu mara ishirini, na mimi nikakunyima.

Sasa dirisha. Jioni ya nane ya matanga, sala ya mwisho ilipokwisha, Bi Tila alivunja ile madhabahu ya sebuleni akasema kama tunavyosema siku zote: fungueni milango, fungueni madirisha, marehemu apate njia aende zake. Watu wakafungua yote. Mimi nilisimama mbele ya dirisha la jikoni, mgongo wangu umeliegemea, nikasema mbao zimevimba kwa mvua. Hapo ndipo Mama alipokuwa akipiga pasi, unajua. Watu walipoondoka nikachukua nyundo na msumari. Nilifikiri: hajamwona mtoto wake, hawezi kwenda. Nitamwekea mahali pa kusubiri mpaka Norka aje.

Miaka kumi na moja sasa. Mapadri wakinisikia watanicheka au watanifukuza. Lakini mimi napika na taa mchana kwa sababu hiyo, na tarehe mosi Desemba wafanyakazi watakuja na nyundo zao walivunje bila kujua kuna nani. Nilipokuandikia mwezi wa tisa, jambo lenyewe lilikuwa hili. Daraja, bamia na kitambaa ni kweli navitamani, lakini vilikuwa chambo.

Nisamehe. Kama huwezi, njoo hata bila kunisamehe. Si kwa ajili yangu.

Walda


Otrobanda
5 Novemba 1986

Mdogo wangu,

Salamu. Sijapata jibu. Labda mvua imezuia ndege za barua, nimeulizia ofisini wakasema hapana. Nakuandikia tu kusema gauni la kijani litakupendeza.

Dada yako,
Walda


Otrobanda
14 Novemba 1986

Norka,

Natumaini mko wazima wote wawili.

Hii ni ya mwisho, sitakusumbua tena. Ijumaa saa kumi nitakuwa darajani, upande wetu. Sitakuuliza chochote. Usipokuja nitaelewa, na dirisha sitalifungua peke yangu, sina haki hiyo. Nitawaachia wafanyakazi.

Nimenunua bamia hata hivyo.

Walda


Jikoni kwako, Otrobanda
Jumapili, 23 Novemba 1986

Dada Walda,

Shikamoo. Natumaini misa imekwenda vizuri na goti limepiga magoti yote yaliyotakiwa. Karatasi hii nimeibana mlangoni uisome kabla hujaingia. Siku tatu tumetembea, tumekula, tumewasema watu wa mtaa mzima, na neno lile hatukuligusa. Tumezoea karatasi sisi, mdomo wangu umekataa.

Ngoja nikuambie kitu cha Ijumaa. Nilikuwa darajani tangu saa tisa, upande wa Punda. Nilikuona ukifika na kile kikofia chako cha kanisani. Sikuvuka. Kengele ikalia, ikapandishwa bendera ya bluu, ile ya kusubiri sana, na daraja likaenda zake. Nilimshukuru Mungu. Nilisema meli ikipita na Walda akiwa ameondoka, nami nitaondoka. Ilipita meli ya mafuta, ndefu haina mwisho. Ilipomalizika, bado ulikuwa umesimama pale pale, umelishika kopo tupu la kutilia chumvi yangu kama mjinga. Ndiyo maana nilivuka.

Sijakusamehe. Nakuambia wazi usije ukatengeneza keki. Siku mbili alikuwa ananiita na wewe ukakunja karatasi. Nikifikiria hilo nataka kukutupia kitu kizito. Wikendi moja haitoshi kukukasirikia ipasavyo, kwa hiyo nitarudi mwezi wa pili, na huko kwa Bi Tila mniandalie godoro. Tutagombana vizuri, mpaka tuchoke.

Lakini pia nafikiria miaka kumi na moja ya jasho na taa mchana. Hakuna mtu mwingine ambaye angenifanyia hivyo.

Ufunguo bado uko chini ya chungu cha mshubiri. Nilisimama mbele ya kizingiti muda mrefu, mama mmoja akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, nimefika. Nikaingia.

Nimekaa na Mama tangu mlipoanza misa. Humu ndani ni giza na joto, kuna harufu ya mvuke na bamia, na mimi nimemweleza yote: Rudsel, lori, mbuzi, mtoto tuliyempoteza, ambaye hata wewe sikuwahi kukuambia habari zake. Nimemwambia nimekula. Nimemwambia nimerudi. Nimelia mpaka gauni la kijani limekuwa na ramani.

Msumari nimeung'oa. Ulikuwa na kutu, umekatika kichwa, nimetumia kisu chako kizuri na sasa si kizuri tena.

Dirisha sijalifungua. Lina mbao mbili, moja inakwenda kulia, moja kushoto, na Mama alikuwa akimpa kila mmoja wetu yake aifungue asubuhi ili tusigombane. Ya kulia ilikuwa yako. Ndege yangu ni saa kumi, kwa hiyo usisimame kuongea na Bi Tila. Ingia moja kwa moja, hata viatu usivue. Mimi ya kwangu nimeishika.

Mdogo wako,
Norka