Silinda zilizochongwa mara mbili

Kabura, ile stori ya kanisani iliyoninyima usingizi ni kweli! Kijana wangu Kimutai amechongesha silinda za gari yake, yaani kuzikwangua ndani ziwe pana, mara mbili, halafu fundi akamwongezea presha ya turbo, ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini. Mara mbili, Kabura! Na Jumapili alitaka kubeba wajukuu wangu nayo.

Nikaenda gereji. Fundi akacheka, "Mama, injini si sufuria."

Nikamwambia, "Hata sufuria ukiisugua ikawa nyembamba, moto mkali huitoboa."

Nikavuta kijiti cha kupimia oil. Rangi ya chai ya maziwa! Ukuta wa silinda umepasuka, maji ya kupoza injini yameingia kwa oil.

Funguo za gari ziko kwa mfuko wa sweta yangu. Kimutai amenuna. Anune!

Mungai wako anaenda kwa fundi huyo kesho. Mwambie:
- Asichongeshe silinda mara ya pili.
- Asiongeze turbo kabla unene wa ukuta haujapimwa.
- Asiende bila wewe.