Majani ya Mama Furaha

Dada Salome, pole na mguu. Bunia mvua inanyesha kila alasiri, nami nazidi kunenepa.

Nimeonana na Mama Furaha, mama wa mchumba wa mwanao. Siku ya posa alitupikia liboke: samaki wa ziwani kwa nyanya na pilipili, wamefungwa kwenye majani mapana na kuwekwa juu ya makaa. Unanijua, siwezi kukaa kama mgeni. Nikaingia jikoni, nikawafungua wote, nikawapanga kwenye sinia kama tufanyavyo Mwanza, majani nikawatupia mbuzi.

Mama Furaha aliingia, akashika kiuno. “Mama, weye umetupa liboke, umebakisha samaki tu! Liboke ni neno ya Lingala, maana yake ile kifurushi ya majani. Ukifunga uyoga, iko liboke. Ukifunga nyama, iko liboke. Kila mutu anafungua yake, mvuke imupige ku sura!”

Dada, niliona posa yetu ikitafunwa na mbuzi. Mara akaangua kicheko, akafunga kwa majani mapya samaki mmoja mbichi aliyebaki, akamwivisha, akanikabidhi mbele ya wazee. Nilipofungua, mvuke ulinitoa machozi, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

Posa imekubaliwa. Mguu upone upesi, harusi hii ni ya kucheza. Mama Furaha amenipa bunda zima la majani nikuletee. Samaki mtafute mwenyewe, liboke nimekubebea.

Mdogo wako,
Neema