Nasubiri Jibu Lako, Nesi

Jumatatu, 3 Machi
Nimetuma barua pepe ya presha kwa wagonjwa wote wa kliniki. Chumvi, matembezi, dalili za kiharusi: ukiziona, kimbilia hospitali. Mwisho, kama kawaida: "Ukiwa na swali, nijibu. Nesi wako."
Hakuna aliyejibu. Kama kawaida pia!
Binti yangu naye kimya tangu aolewe mbali. Nimekula nimesimama jikoni. Kukaa mezani peke yangu kumenishinda.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari mkuu kaniuliza zile barua zina faida gani kama watu hawazisomi. Nikamwambia wanazisoma. Nimejuaje? Najipa moyo tu. Naziandika kama naongea na mtu — hilo sikumwambia.

Jumatatu, 10 Machi
Leo kisukari na miguu. Kimya.

Jumatano, 12 Machi
Naandika kwenye benchi la wodi, hospitali kuu.
Asubuhi mama mmoja aliyekuja kufungwa kidonda kanirukia: nesi una maringo wewe, nimekuandikia mara mbili hujibu! Nikacheka. Halafu kicheko kikanikauka.
Nikamfuata fundi wa kompyuta. Akasema, bila hata kugeuka, kwamba majibu yanaingia kwenye anwani nyingine ya kliniki. Alipanga hivyo nisisumbuliwe. Nani huifungua? Akakuna kichwa. Hakuna.
Nisisumbuliwe!
Yamejaa tele. Wananishukuru, wananitania, wananiuliza. Nimesoma huku nalia kama mtoto. Kuna mwalimu mstaafu, mzee aliyefiwa na mkewe, amejibu kila barua. "Chumvi nimeacha, nesi wangu, sasa mboga ni kama maji ya kuoshea vyombo. Siku ukija kula kwangu utajuta." Nyingine: "Leo nimetembea hadi sokoni na kurudi. Kila aliyenisalimu nimemwambia ni amri yako."
Ya mwisho ni ya jana asubuhi. "Nimeamka mkono wa kushoto una ganzi, na chai inanichuruzika mdomoni. Ni zile dalili ulizoandika? Nije, au nipumzike kwanza? Nasubiri jibu lako."
Jana asubuhi! Simu yake ikaita tu, haikupokelewa. Nikachukua anwani kwenye faili, nikatoka na sare yangu hivyo hivyo.
Jirani yake, fundi cherehani, alinipokea mlangoni. Akaniambia leo majirani wamemkuta sakafuni, wakamleta huku. Jana yeye fundi alimbembeleza ampeleke hospitali, mzee akakataa katakata. Alisema ameshamwandikia nesi wake. Nesi wake hajawahi kukosa Jumatatu hata moja, atamjibu tu.
Niliandika wakimbilie hospitali. Chini yake nikaandika nijibu. Mzee wa watu kashika la pili.
Yuko kitanda cha dirishani. Uso umelegea upande mmoja, maneno hayatoki. Macho yake yananipitia tu, hatujawahi kuonana. Nesi wa zamu akaniuliza mimi ni nani yake. Nikasema nesi wake. Akavuta pumzi: dada, mimi nauliza ndugu, hapa hajaja mtu.
Nikamwambia basi andika mimi.
Nimerudi kukaa karibu naye. Mkono wa kulia bado una nguvu, amenishika kidole na hataki kuachia. Hajui mimi ni nani. Bado sijamwambia.